Kombora la Shambani kwa Odiel

Mbele ya mkahawa wa Bi Zulma, kwenye barabara ya mashamba nje ya mji wa Ieper, kuna benchi lisilokosa wawili: Remi, mpishi wa jeshi mstaafu wanayemwita Sajini, na Kamiel, fundi saa wa zamani, ambaye wao humwita Saa Mbovu. Asubuhi hiyo Odiel alikaa nao akiwa amenuna. Jembe la trekta lake lilikuwa limefukua kombora la mzinga, la ile Vita Kuu ya Kwanza iliyopiganwa kwenye mashamba hayo, naye alikuwa ameliacha palepale na kuwapigia simu wanajeshi. Hakutaka kulizungumzia. Wenzake walitaka.

— Lingekuwa zima lingelipuka zamani, alisema Sajini. Kichwani mna sindano na fataki. Likigonga kitu kigumu, sindano inachoma fataki, baruti inalipuka, basi. Makombora ya hapa yalitua kwenye matope kama uji. Sasa ni chuma chakavu.

Saa Mbovu alikataa. Sindano ina kizuizi, alisema, na kombora likizunguka hewani kizuizi kinalegea. Katika lililotua, kimeshalegea. Linangoja kugutushwa tu.

— Kutu imeshakula kila kitu humo, bwana, alijibu Sajini. Mimi nayapiga teke. Mwaka juzi nilikalia moja nikila mkate.

Odiel aliweka kikombe chini kwa nguvu, kahawa ikamwagika. Vuli iliyopita kaka yake, Achiel, aliokota moja kwa mikono katika shamba hilohilo, akalirusha kwenye tela, likalipuka. Majira yote ya baridi watu walimuuliza Odiel kama kaka yake alikuwa amelewa.

— Funga mdomo, Remi.

— Ndugu yangu, haya ni maongezi tu.

— Achiel hakuwa mlevi wala mwendawazimu. Alilirusha kwa sababu alikuwa na hakika limekufa.

Mlangoni alikuwa amesimama Godelieve, mjane wa Achiel, mkate kwapani. Tangu mazishi hakuwa amefika hapo. Aliwatazama mmoja mmoja, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

— Hiyo hakika alipewa na nani?

Saa Mbovu alimtazama Sajini. Sajini alitazama viatu vyake. Odiel akakumbuka ni nani aliyezoea kumwambia kaka yake hivyo, akainuka kutoka kando ya Sajini. 

Gari la jeshi likapita polepole kuelekea shambani. Godelieve akashuka barabarani, akalifuata kwa miguu.