Kiti cha Aliyechelewa

Katika basi la Muleba, Kokushubila alimnyima mwalimu kijana aliyesimama kiti kitupu kilichokuwa kando yake. Alistidia, aliyeketi nyuma yao, akatega sikio.

"Ni cha mume wangu," alisema Kokushubila. "Padri Mzungu alimwita 'late Kagaruki'. Wewe mwalimu si unajua 'late' ni kuchelewa?"

"Pole, mama. Likitangulia jina la mtu, maana yake ni marehemu."

"Neno hilohilo limcheleweshe mtu, kisha limzike? Mimi nimeshika la kuchelewa."

Basi likasimama katikati ya migomba. Dereva alisema kuna mzee amempungia mkono. Mlango ukafunguliwa, hakuingia mtu.

"Karibu, waitu," Kokushubila akasema taratibu, kwa neno la heshima la Kihaya, akisogea dirishani.

Alistidia, ambaye haamini mizimu, akaondoa kikapu chake njiani.