Mama Vitufe na Maswali Matatu ya Likizo

...basi, kama nilivyokuwa nasema kabla simu ya mapokezi haijanikatiza, Mama Vitufe anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na mbili ya kutengeneza kurasa za wateja wetu mtandaoni. Mimi wa mapokezi shule yangu fupi, lakini masikio ninayo, na hiyo JavaScript yao, lugha ya kuziambia kurasa zifanye nini, alinieleza mpaka ikaniingia.

Ukurasa ni vipande. Kitufe kipande, kalenda kipande. Zamani kila kipande kiliandikiwa tabia yake peke yake, yaani kikibonyezwa kifanye nini; ukirekebisha kimoja, ndugu zake bado wagonjwa. Mama Vitufe akasema tabia iandikwe mara moja, pahali pamoja, kila kipande kinachoihitaji kiiazime hapo. Wakamcheka, halafu wakaiga.

Sasa, bosi wetu hapendi watu waende likizo. Akataka kitufe cha kuombea likizo kiulize kwanza: Una uhakika? Kweli? Umefikiria vizuri? Mama akaandika, ila badala ya kuyaweka maswali kwenye ukurasa wa likizo tu, akayaweka kwenye ile tabia ya kuazimwa. Kesho yake vitufe vya wateja wote vinauliza. Mwenye ukumbi wa harusi akanipigia anafoka: "Dada, bwana harusi wangu kaulizwa mara tatu, na ya tatu kafikiria vizuri. Kaghairi."

Nikampasia bosi. Bosi akamwendea Mama mbio: huyu mteja akiondoka, na wewe unaondoka naye, na mambo ya kuazimana tabia yaishe leo, kila kipande kijitegemee. Mama hakuinua hata kichwa. "Subiri kidogo, baba, unanichanganya." Akafuta pale pale alipoandika. Bosi bado anafoka, vitufe vyote vimeshanyamaza, na mwenye ukumbi kanipigia tena kwa sauti ya binadamu.

Vyote, nimesema. Hata cha likizo. Mchana huo ofisi nzima tukaomba likizo, na bosi alipomuuliza, Mama akajibu kwa upole, "Si vinaazimana?" Mteja akabaki, Mama akabaki, na tabia yake ya kuazimwa ndiyo inaendesha kurasa zetu mpaka leo.

Asante, Mama Vitufe, kwa kazi na kwa vicheko. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wasioazima tabia zako zote. Nilitaka pia kusimulia ile siku yeye na mhasibu... nakuja, bosi, nakuja. Wageni wameshakaa, kumbe ufunguo wa kabati la vikombe ninao mimi...