Levi Gunga wa Vitana Vilivyovunjika, 1910–1949

Ndugu waombolezaji, maisha ya Levi Gunga mtasomewa na mjomba wake, Kadenge, dereva wa lori, anayejulikana kuanzia Rabai hadi Kilindini na asiyehitaji kuelezwa. Mjomba huyu shule aliifikia mlangoni tu, kwa hiyo maneno yake hayakunyooshwa na mwalimu. Lakini yamekwisha kupigwa chapa, mnayo mikononi, na yaliyopigwa chapa hayafutiki. Humu limo jambo lililonyamaziwa kwa miaka saba. Linamhusu marehemu na fundi wa saa Jaffar wa Mji wa Kale, ambaye familia ilimpelekea habari za msiba na kumwomba afike. Basi mwenye haraka na aivumilie haraka yake.

Levi alizaliwa Rabai tarehe 12 Machi 1910, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Gunga na mama Mbeyu, dada yake Kadenge. Macho yake yalikuwa na tabia tangu utotoni. Watoto wenzake walipofinyanga ng'ombe wa udongo, kila ng'ombe alikuwa na pembe mbili nzuri. Wa Levi alikuwa na pembe moja na nusu, na kovu ubavuni. Jirani mmoja akamtambua ng'ombe wake, akaja kushitaki kwa wazazi kwamba mifugo yake inaaibishwa.

Alisoma katika shule ya misheni hapo Rabai kuanzia 1918 hadi 1925. Hesabu zilimpita, lakini mkono wake wa kuchora uliwashinda wote. Siku moja alimchora mwalimu bila jino la mbele, kwa kuwa mwalimu hakuwa nalo. Alipoulizwa kwa nini asimpe mwalimu wake heshima ya meno kamili, alijibu kwamba si yeye aliyeling'oa. Alichapwa fimbo, na picha ile mwalimu akaenda nayo nyumbani kwake akaitunza.

Mwaka 1927 alishuka Mombasa, akajifunza kuandika mabango kwa Mhindi mmoja wa Makadara. Mwaka 1934 akaandikwa kazi Kilindini, kupaka rangi majina na namba za matishari. Huko aliheshimiwa, ila wakubwa walimlalamikia kwamba hawezi kupaka rangi juu ya kutu kabla ya kuitazama kwanza kwa muda mrefu kama anayeagana nayo.

Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 1936 alifunga ndoa kanisani na Mwanarusi. Mwezi haukwisha, kitana cha bibi arusi kikavunjika. Kilikuwa kitana cha ile plastiki inayong'aa kama pembe. Mwanarusi alingoja anunuliwe kingine. Levi alikilainisha kile kibovu kwa maji ya moto, akakikata kwa wembe, akakikunja, na Jumapili mke wake akapewa ndege. Ilikuwa na mabawa, magurudumu na rubani asiyezidi punje ya mchele. Mwanarusi alisema ndege ni nzuri, lakini haichani nywele.

Hapo ndipo mchezo wake ulipoanzia. Vinyozi wa Makadara wakawa wanamwekea vitana vilivyovunjika. Mipini ya miswaki ikawa milingoti, na manyoya yake yakawa kamba. Vioo vya madirisha alivikata katika filamu iliyooshwa hadi picha ikatoka yote, aliyopewa na mpiga picha pamoja na dawa ya kuunganishia, ile inayonuka kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alitengeneza feri ya Likoni, tishari, gari la zimamoto. Kazi za mwisho, zile za kushika vitu vidogo kuliko kucha, alizifanyia barazani kwa Jaffar, katika kichochoro kinachotoka Ndia Kuu, kwa kibano cha saa alichoazimwa. Jaffar alikuwa akiviweka vile vyombo kwa zamu, kimoja kimoja, katika kidirisha cha duka lake, na wateja waliosimama kutazama wakakumbuka saa zao mbovu.

Levi alikuwa na sharti moja. Kila kitu alikipaka kama alivyokiona, na ubovu wake wote. Feri ilikuwa na ubao uliopasuka, gari la zimamoto lilikosa kengele. Jaffar alikuwa akimtania, "Yakhe Levi, vyombo vyako vyote vyaumwa. Huna hata kimoja kizima?" Naye hujibu, "Kizima sijakiona bado."

Mwaka 1940 alimtengenezea mjomba wake mfano wa lori lake. Ulikuwa na bonyeo kwenye madigadi ya kushoto na ufa katika taa. Mjomba hakufurahi. Aliufunga katika kitambaa na kuuzika chini kabisa ya sanduku lake huko Rabai, kwa sababu bonyeo lile lilisababishwa na ng'ombe wa watu, na wenye kusema vinginevyo hawakuwapo.

Vikaja vita, na mwaka 1942 Kilindini ikajaa manowari. Kupiga picha kulikatazwa, kuchora kulikatazwa. Vitana hakuna aliyevifikiria. Mwezi wa Juni Levi alimaliza manowari moja kubwa, urefu wa dhiraa nzima, na mizinga yake. Upande wa kushoto, chini ya dohani, aliweka kiraka cha bati chenye rangi mpya isiyolingana na ile ya zamani, kwa kuwa tishari lao lilipita karibu na manowari yenyewe na hivyo ndivyo alivyoona. Jumamosi meli ikawekwa dirishani kwa Jaffar, peke yake kwa ukubwa wake. Jumatatu afisa mmoja wa jeshi la maji akaingia na saa iliyosimama. Aliitazama meli, akaigeuza upande wa kushoto, na saa yake akairudisha mfukoni. Aliuliza ni kazi ya nani. Jaffar, kwa kujivunia rafiki, alimtaja Levi jina lake, kazi yake na mahali anapoweza kupatikana.

Kiraka kile kilikuwa siri. Manowari ilikuwa imepigwa baharini, na adui hakutakiwa kujua. Kabla ya adhuhuri Levi alichukuliwa kazini na Jaffar dukani, kila mmoja akafungiwa chumba chake, na duka likapigwa misumari.

Habari zilimfikia Mwanarusi akiwa jikoni. Hakulia. Alikusanya mifano yote iliyokuwa nyumbani, akaitia motoni, ili wakija wasikute kitu cha kumwongezea mume wake makosa. Plastiki ile huwaka kama petroli. Moto ulipanda hadi makuti, na kama si jirani yake Bimdogo kuja na ndoo za mchanga, leo tungekuwa na makaburi mengine ya kuzuru.

Siku ya pili afisa alimuuliza Levi ni nani aliyemwagiza aonyeshe kiraka. Levi alisema hakuagizwa, ndivyo afanyavyo siku zote, waende kwake Makadara wakatazame vingine, vyote vina ubovu. Wakaenda. Wakakuta majivu na paa lililoungua. Mwanarusi alisimama mlangoni akawaona wakiyachota majivu yale kwa kijiko na kuyatia bahashani, ndipo akaelewa alichokifanya. Afisa alisema kwamba watu wasio na hatia hawachomi vitu. Kwa kosa la kutoa siri za vita, wakati ule, mtu aliweza kunyongwa.

Mwanarusi alipeleka neno Rabai, kwamba mfano uliosalia ni ule wa lori tu. Mjomba Kadenge alifukua sanduku lake, akauweka mfano wa lori kwenye kiti kando yake, akateremka hadi kwenye ofisi alikofungiwa Levi, ambayo haitatajwa, na kusimamisha lori kubwa mbele ya lango. Askari alimwelekezea bunduki. Mjomba alishuka mikono juu, kilori kikiwa katika mkono wa kuume. Watu wengi wanene kwa maneno wangezimia pale. Yeye alitetemeka kidogo tu, kwa sababu ya upepo.

Afisa alitoka na mkalimani wake, Mutunga. Alikichukua kilori, akalizunguka lori polepole. Bonyeo, akalitazama kwa mkono na kwa jicho. Ufa wa taa. Bawaba iliyofungwa kwa waya. Alizunguka tena. Hata askari aliyeshika bunduki alikuwa akitazama. Mwisho akauliza kwa kinywa cha Mutunga ni nani aliyelibonyeza. Mjomba alijibu kuwa ni ng'ombe. Mutunga alitafsiri, na afisa, kwa mara ya kwanza, akatabasamu upande mmoja.

Asubuhi iliyofuata Levi alitolewa. Meli yake ilipondwapondwa kwa nyundo mbele yake. Kisha aliwekewa Biblia, akaapishwa asirudie kwa mtu yeyote lolote aliloulizwa wala alilojibu ndani ya chumba kile. Jaffar alitolewa jioni yake, lakini ruhusa ya duka hakurudishiwa. Watu wakapiga hesabu yao. Mmoja katoka asubuhi, mwingine jioni. Mmoja karudi kazini, mwingine duka lake limefungwa. Wakasema Levi alijinunua kwa jina la Jaffar.

Levi alikwenda kwa Jaffar nyumbani. Jaffar alifungua ubao mmoja wa mlango.

"Nijibu neno moja tu," alisema. "Walipokuuliza, ulinitaja?"

Kujibu ndiyo au siyo, yote mawili ni kuvunja kiapo.

"Siwezi kusema."

"Basi nimesikia," alisema Jaffar, na ubao ukafungwa.

Tangu siku ile hawakuzungumza tena. Vinyozi waliacha kumwekea vitana. Mmoja wao alimwambia kwamba siku hizi vitana vyake havivunjiki. Vita vilipokwisha, mjomba alimshauri aseme, kwani manowari zenyewe zimekwenda zao. Levi aliuliza kama yupo aliyemwambia kiapo kinaisha lini. Mjomba alimwita mpumbavu. Neno hilo halirudishwi, lilikuwa la kweli na la heshima pamoja.

Mwaka 1947 kifua kilimshika. Daktari alimkataza ile dawa ya harufu ya ndizi, naye alikubali kwa kichwa na kuendelea kwa mikono. Walikuwa wamehamia Tudor. Bimdogo alimletea kutoka Makadara vitana vibovu vya wanawake wa mtaa mzima, akisema yeye hesabu za wanaume hazijui. Kwa vitana hivyo Levi, akiwa ameegemea mito, alitengeneza kitu chake cha mwisho. Ni duka la Jaffar. Doa la maji chini ya mfereji lipo, lipo jiwe la kizingiti lililolika, lipo pembe ya baraza iliyomeguka. Lakini mlango uko wazi. Saa zimetundikwa ukutani, na juu ya meza kuna kibano kisichozidi mguu wa siafu.

Mwanarusi, aliyeishi na sharti la mume wake kwa miaka yote ile, alimuuliza kwa jina la mtoto wao, "Baba Mbeyu, mlango ule si umepigwa misumari?"

"Najua," alisema Levi, na kuendelea kupaka.

Alifariki nyumbani kwake Tudor, Alhamisi ya tarehe 8 Septemba 1949, alfajiri, akiwa na mke wake na watoto wake.

Jana Ijumaa, Mutunga alikuja matangani. Ameacha kazi ya serikali. Mbele ya Mwanarusi, mjomba na mzee wa kanisa, alisema kwamba kiapo chake yeye kilikuwa cha manowari, na jina la manowari hatalitaja hata leo, bali mtu aliyekufa si siri ya vita. Alisema kwamba siku ile ya majivu, afisa alimwambia Levi aseme neno moja, kwamba Jaffar ndiye aliyemwagiza, na angelala kwake siku hiyo hiyo. Karatasi iliwekwa tayari. Levi alijibu, na Mutunga ndiye aliyetafsiri:

"Jaffar aliniazima kibano. Kitu kingine hakunipa wala hakuniomba. Andikeni kibano."

Aliulizwa tena na tena, akajibu hivyo hivyo. Usiku ule hakujua kama yuko mtu Rabai mwenye lori na akili.

Maneno haya yameongezwa leo asubuhi, mpiga chapa akinung'unika.

Marehemu ameacha mama yake, Mbeyu. Mjane wake, Mwanarusi. Watoto wake, Mbeyu, wajina wa bibi yake, na Benard. Mjomba wake, Kadenge, ambaye angali kijana. Na rafiki yake, Jaffar. Mpiga chapa aliuliza kama jina hilo la mwisho ni la jamaa. Mwanarusi alisema liandikwe.

Lile duka dogo liko juu ya meza, hapo kichwani pa kaburi. Kando yake kipo kibano chenyewe, kile cha kuazimwa, kwa kuwa Levi hakupata mlango wa kukirudishia. Familia haimwamrishi mtu. Mwenye mali akitaka atakichukua, pamoja na duka lake. Asipotaka, vitarudi Tudor na kuwekwa mahali ambapo yeyote apitaye ataona kwamba mlango uko wazi.

Mungu ampumzishe Levi mahali ambapo mtu akiulizwa anaweza kujibu.