Vidole Vitatu: Wasifu wa Marehemu Eskild Raunholt (1947–2025)

Ndugu, jamaa na majirani, maneno haya yameandikwa na Ellinor, mjane wa marehemu, na yanasomwa na Tage, mdogo wake marehemu. Tangu Januari yamesemwa mengi dukani kuhusu Eskild na gari lake. Imesemwa kwamba ubahili ulimuua. Aliyewahi kuambiwa hivyo, na asikie sasa yaliyotokea.

Eskild Raunholt alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Februari 1947, shambani kwa wazazi wake, Kresten na Dagny, kusini mwa mji wa Lemvig, Denmark. Ilikuwa ile baridi ambayo wazee wa hapa bado wanaitaja, na mkunga aliletwa kwa sileji ya farasi, ile inayoteleza juu ya theluji bila magurudumu. Alisoma Lemvig, kisha akaenda Kopenhagen kusomea upimaji wa ardhi, akahitimu Juni 1972. Mwalimu wake mmoja aliandika katika cheti: "Huyu hakadirii. Anapima."

Kuanzia mwaka 1973 hadi alipostaafu mwaka 2012 alifanya kazi katika ofisi ya wapima ardhi Holstebro. Mipaka mingi ya mashamba mnayolima leo ni mawe aliyoyapanda kwa mikono yake. Hakuna jiwe lake hata moja lililowahi kuhamishwa na mahakama.

Alikutana na Ellinor, mwalimu wa Kilatini, alipokuja kupima uwanja wa shule yake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1974. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sidsel na Rasmus.

Aprili 2004 Eskild alifanya jambo ambalo hapa kwetu halisamehewi upesi. Alileta kutoka Flensburg, ng'ambo ya mpaka Ujerumani, steshenwagoni ya kifahari, nyeusi, yenye viti vya ngozi, iliyokuwa imetumika miaka miwili. Ushuru wa kuiandikisha ulizidi bei ya muuzaji, naye alilipa wote siku ileile. Jirani yetu Bent, fundi wa mashine za kilimo, aliegemea ua na kuuliza:

"Sasa tukuite Mheshimiwa?"

"Niite utakavyo, jirani. Lakini siku likikwama, wa kusukuma ni wewe."

Kwa miaka kumi halikukwama. Lakini gari la kifahari huzeeka kama watu wa kifahari: linataka yaleyale liliyoyazoea ujanani. Springi zake hazikuwa za chuma bali mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Mpira ulipopasuka nyufa, hewa ilivuja, na kompresa, pampu ya hewa hiyo, ikaungua kwa kuijaza bila kupumzika. Majani yaliziba mifereji chini ya kioo cha mbele, maji yakaingia kwenye nyaya, na madirisha yakaanza kujifungua yenyewe kwenye mvua. Mafuta ya giaboksi, ambayo kitabu kilisema hayabadilishwi maisha yote ya gari, yalitoka meusi kama lami. Kutu ilitafuna mlango wa nyuma. Kila mwaka gereji ilichukua zaidi ya kile ambacho mtu angelipewa kama angeliuza gari lenyewe. Eskild alijua hesabu hiyo kuliko waliomcheka. Alisema, "Bei ya kununua ni mlango tu. Nyumba unailipia ukishaingia." Hakuacha kulipa hata mara moja, na hakuwahi kuendesha gari lililokataliwa kwenye ukaguzi.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, alikwenda uani na kuingiza vidole kati ya tairi la mbele na madigadi. Vikiingia vitatu, gari lilikuwa zima. Vikiingia viwili, alimpigia simu Bent.

Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2024, siku ya ndoa ya dhahabu, majirani walikuja alfajiri kama desturi ilivyo, wakajenga lango la matawi ya misonobari mlangoni na kuimba chini ya dirisha. Bwana na bibi walipotoka, waimbaji walikuwa wanalitazama gari. Usiku huo pua yake ilikuwa imeshuka hadi kugusa changarawe.

"Limepiga magoti," alisema Bent. "Hata lenyewe linakuombea, Mheshimiwa."

Watu walicheka sana. Eskild alicheka kuliko wote. Mkewe hakucheka. Aliingia ndani kukata mikate, na kuanzia siku hiyo aliapa moyoni kwamba hakuna atakayemwona tena amesimama kando ya gari lile likiwa limelala.

Hilo ndilo linalopaswa kusemwa leo.

Moyo wa Eskild ulikuwa umeanza kuchoka tangu mwaka 2023. Alhamisi, tarehe 9 Januari mwaka huu, saa moja asubuhi, kifua kilimbana. Mkewe hakuita gari la wagonjwa. Sisi wa hapa tumelelewa kutosumbua watu, na ving'ora husimamisha kijiji kizima madirishani. Alimweka Eskild kwenye kiti cha mbele, akaendesha mwenyewe. Kilomita ya kumi na mbili giaboksi ilijifunga kwenye gia ya tatu na taa nyekundu ikawaka. Gari halikupita mwendo wa arobaini. Wakati wote huo Eskild alikuwa anapumua kama mtu apandaye ngazi.

Nyuma yao alitokea Bent na kigari chake cha umeme. Aliwapita, akasimama mbele yao, akaja dirishani.

"Ellinor, mlete kwangu. Haraka!"

"Asante, Bent. Tunakwenda vizuri tu."

"Vizuri nini? Matrekta yanawapita!"

"Nimesema tunakwenda vizuri."

Akakanyaga mafuta, akamwacha jirani kando ya barabara. Walikwenda hivyo kilomita mbili nzima, Bent akiwafuata na kupiga honi. Ndipo Eskild aliposhika usukani kwa mkono wa kushoto.

"Simama, mke wangu. Hili ni gari tu."

Alisimama. Bent alimbeba Eskild mikononi, akamfikisha hospitali. Madaktari walisema dakika zile hazikubadilisha kitu, kwani moyo wenyewe ulikuwa umefika mwisho. Mjane anaamini neno lao anapoweza. Lakini kama kuna kosa, halikuwa la Eskild, wala la mfuko wake. Kilichomchelewesha ni kiburi cha mkewe. Jina la Eskild liachwe safi kama alivyoliacha.

Alifariki hukohuko hospitali Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa amebakiza wiki moja kutimiza miaka sabini na minane. Siku mbili kabla aliomba apelekwe makaburini na gari lake mwenyewe, kwa kuwa sheria inaruhusu. Alikuwa ameshalipima: viti vikilazwa, jeneza linatosha na sentimita nne zinabaki.

"Mama, gari likilala mbele ya kanisa?" aliuliza Sidsel. "Watu wote wakitazama?"

"Basi watazame," alijibu mama yake.

Bent alifunga springi mpya ya mbele na kufanya kazi kwenye giaboksi kwa siku tatu, akakataa malipo. Alhamisi ya wiki hii gari lilipita ukaguzi. Lakini jeneza la mwaloni ni zito, na mpira wa nyuma ni wa zamani.

Kwa hiyo Tage alipewa karatasi mbili. Moja ni ya tarehe tu, kama kijitabu mlichogawiwa kanisani, ya kusomwa iwapo gari litagoma na jeneza kuhamishiwa gari la mazishi, kwani aibu mbili kwa siku moja mjane asingeziweza. Nyingine ni hii. Aliagizwa aifungue hapa kaburini, na tu baada ya Bent kuinama mlangoni mwa kanisa, jeneza likiwa ndani, na kupima kwa vidole juu ya tairi la nyuma. Mnaisikia. Basi vilikuwa vitatu.

Eskild ameacha mjane, Ellinor. Watoto wawili, Sidsel na Rasmus. Wajukuu watatu, Alma, Ditlev na Johanne. Mdogo wake, Tage. Na jirani mmoja, Bent, ambaye leo, kwa mara ya kwanza, mjane amekubali kurudi nyumbani ndani ya gari lake.

Umefika, Eskild. Pumzika kwa amani.