Bega Lililongoja Gunia

Baada ya miaka thelathini na minne katika ghala la kinu chetu cha unga, kiongozi wa wapakiaji anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Hapa kazini tunamwita Mzee Mawingu. Wageni hudhani ni kwa sababu ya urefu wake, au kwa kuwa anapenda kusimama akiwaza. Wanatupa heshima kubwa mno. Aliitwa hivyo kwa sababu ya mahali mipira yake ilikokuwa ikienda.

Kamati ya sherehe imempa karani wa mizani kazi ya kuandika wasifu huu, kwa hoja kwamba ndiye aliyemrushia mzee huyo mipira mingi kuliko mtu mwingine. Karani amekubali, kwa sharti kwamba meneja asipunguze chochote.

Mzee alianza kwa kushusha ngano kwenye malori. Msimamizi wa wakati ule alimpima kwa jicho, akasema kijana mwembamba namna hii hamalizi wiki. Msimamizi ndiye aliyehama. Kijana akapanda taratibu: kutoka kwenye malori hadi kupanga magunia juu ya chaga, kisha kuongoza zamu moja, kisha zamu zote. Milundo yake ya magunia haijawahi kumwangukia mtu. Anayepita pale kwa haraka anaona magunia tu. Anayesimama kidogo anaona kwamba kila safu imepishana na iliyo chini yake, kama matofali ya ukuta uliojengwa na mtu mwenye subira.

Lakini sifa yake kubwa ni udadisi. Mwaka ule paa lilipopasuka katikati ya mvua, wote tulikimbilia magunia, kila mtu na lake, tukagongana vichwa. Mzee alisimama katikati ya ghala akitazama sakafu, nasi tukimpigia kelele kwamba unga unaharibika. Akajibu lile neno lake, “Hebu tuone kwanza.” Alikuwa anaangalia maji yanaelekea wapi. Alipojua, akatuonyesha safu moja tu ya kuhamisha, na unga uliobaki ulilala mkavu.

Ni udadisi huohuo uliomwingiza kwenye besiboli. Fundi wa kigeni aliyekuja kutufungia mashine mpya za kusaga aliondoka akatuachia mfuko wa marungu, glavu na mipira. Wengine walitaka kutumia marungu yale kuzuia milango isijifunge. Mzee akauliza yanafanya kazi gani. Akauliza tena na tena, mpaka tukawa na timu, na kiwanda cha sabuni ng’ambo ya barabara kikawa na yake, na kila mwaka tukawa na mechi.

Kwa asiyeujua mchezo: mrushaji anarusha, mpigaji anaupiga mpira kwa rungu na kukimbilia vituo. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, mpigaji ametoka. Ukipigwa juu sana, wapinzani wana muda wa kutosha kusogea na kuungoja. Ukipigwa chini, unabingirika hadi miguuni mwao. Mpira mzuri ni ule unaotoka umenyooka, kwenye kimo cha kifua, ukapita kati ya walinzi kabla hawajajua umetoka.

Mzee hakuwahi kuupiga huo. Nguvu alikuwa nazo, tele, lakini mipira yake yote ilipaa. Mlinzi wa geti alikuwa akisema mipira ya Mzee inahitaji pasipoti. Wachezaji wa sabuni walikuwa wakisogea wawili watatu chini ya mpira, wakijadiliana kwa adabu nani audake leo.

Alicheka pamoja nasi, na sisi tukadhani hana shida. Shemeji yetu, mke wake, ndiye aliyetufungua macho. Alituambia kwamba mume wake amesema nyumbani, kwa sauti ya chini, kuwa hatapenda kutoka kazini akikumbukwa kwa jambo aliloshindwa. Alitaka kitu kimoja tu kabla ya kustaafu: apige mpira mmoja ulionyooka, katika mechi ya kweli, watu wakiona. Tangu siku hiyo karani wa mizani aliacha kumtania mbele ya watu, na akaanza kubaki naye uwanjani baada ya kazi.

Mzee akaanza utafiti. Dereva wa lori alimwambia tatizo ni macho, ayakazie kwenye mpira hadi mwisho. Fundi mitambo akasema ni miguu, nguvu itoke nyuma ije mbele. Mpishi wa kantini, ambaye hajawahi kushika rungu, naye alikuwa na maoni, na Mzee aliyasikiliza yote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, kwa hiyo alizijaribu moja moja. Alisimamisha bomba kwenye debe la mchanga, akaweka mpira juu yake, akachora mstari wa chaki ukutani kwenye kimo cha kifua, akapiga. Aligundua kwamba kiuno kinatakiwa kugeuka kwanza na mikono ifuate, ikiwa karibu na mwili. Aligundua kwamba kichwa kikitulia, mpira unaonekana mkubwa zaidi. Aligundua pia kwamba ni vizuri kuukuta mpira mbele kidogo ya mguu wa mbele, kwani ukiuacha ukufikie tumboni umechelewa.

Kila ugunduzi ulimsaidia, na mipira iliendelea kupaa. Nyumbani alifanyia mazoezi sebuleni kwa mpini wa dekio hadi akavunja taa. Shemeji akalifungia dekio kabatini, na ufunguo akatembea nao.

Jibu lilikuja saa ya chai. Mzee alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala, kikombe mkononi, akiwatazama vijana wake wakipakia. Akaona kitu ambacho amekitazama maisha yake yote ya kazi bila kukiona. Kila mpakiaji, kabla gunia halijamfikia, anashusha bega la kulia ili liingie chini ya mzigo. Jioni ile uwanjani aliwatazama walewale wakishika rungu. Mpira ulipokuwa unakuja, mabega ya kulia yakashuka, moja baada ya jingine. Bega likishuka, rungu linatokea chini kwenda juu, na mpira nao unakwenda mbinguni. Timu nzima ilikuwa inasubiri magunia.

Mzee alicheka hadi akakaa kwenye nyasi. Kisha akamwomba karani amtazame yeye. Karani akamtazama mara mbili, kwa uhakika, akamwambia bega lake linashuka kuliko yote. Nyani haoni kundule. Mazoea yana taabu, Mzee akasema, na hapo hakucheka.

Mtu mmoja tu katika timu alikuwa akipiga mipira iliyonyooka, naye ni mama wa usafi. Sisi tulisema ana bahati. Mzee akaenda kumtazama akifanya kazi, na mama akamuuliza kama amekuja kumkagua. Mama huyu hajawahi kubeba gunia. Kutwa anafagia vumbi la unga juu ya milundo, kwa ufagio wa mpini mrefu, mabega sawa, kiuno kikigeuka. Mzee akamwomba amfundishe. Mama akasema kazi hiyo haina siri, ila ufagio ukiushusha unagonga gunia, ukiupandisha unafagia hewa.

Basi kwa majuma kadhaa wapakiaji wetu walikuwa wakifagia. Walichagua mlundo unaofika kifuani, wakapiga ufagio juu yake, vumbi likatoka mbele kwa mstari mmoja. Ghala halijawahi kuwa safi kiasi kile. Meneja alibandika tangazo la kuwapongeza kwa moyo wao wa usafi, na hakuna aliyemsahihisha hadi leo anaposoma hapa.

Mzee hakuishia kwenye mchezo. Kama bega moja limezoea hivyo, aliuliza, mgongo nao umezoea nini? Akaweka utaratibu ambao unaendelea hadi sasa: asubuhi mpakiaji anabebea bega la kulia, mchana la kushoto. Mwanzoni walinung’unika kwamba la kushoto halijui kazi. Wakalifundisha. Siku hizi wanaokwenda zahanati kuombea migongo dawa ni wachache, na wapakiaji wenyewe ndio wanaolizungumzia hilo kwanza wanapoulizwa habari za Mzee.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumamosi iliyopita. Sabuni walikuwa mbele kwa pointi moja, wenzetu wawili wamesimama vituoni, na tulikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Zamu ikamwangukia Mzee. Walinzi wa sabuni wakarudi nyuma, kwa mazoea, kuungoja mpira wa juu. Mlinzi wa kituo cha tatu peke yake alibaki mahali pake, dereva wao, mtu mnene asiyependa kusogeasogea.

Mpira wa kwanza Mzee aliuacha. Wa pili aliukosa. Wa tatu aliupiga, na mlio wake ulikuwa mfupi na mkavu, ambao hatukuwahi kuusikia kutoka kwenye rungu lake. Mpira ulitoka umenyooka kama uzi, kimo cha kifua, moja kwa moja hadi kwa yule dereva. Dereva aliinua glavu kujikinga uso. Mpira ukaingia humo, ukakaa.

Mzee ametoka. Mechi imekwisha, tumeshindwa.

Mzee alibaki amesimama na rungu, akiitazama njia ambayo mpira ulipita, nasi tuliogopa kumsogelea. Mwishowe akamgeukia karani, akauliza kama bega limeshuka. Karani akasema halikushuka. Akamuuliza mama wa usafi, naye akasema halikushuka. Mzee akajifuta macho kwa mkono wa shati, bila kujificha.

Dereva wa sabuni alikuja akiwa amevua glavu, kiganja chekundu, vidole vimeanza kuvimba. Hakuja kujisifu. Alisema kwa miaka yote amesimama pale hajapigiwa mpira wa namna ile. Mzee akakishika kile kiganja kwa mikono miwili, akakigeuza, akakichunguza.

“Inauma?”

“Inauma sana, Mzee.”

“Asante,” Mzee akasema.

Kwa niaba ya wapakiaji, watu wa mashine za kusaga, madereva na watu wa mizani, tunakushukuru kwa milundo isiyoanguka, kwa migongo uliyoiokoa, na kwa kutufundisha kutazama kabla ya kukimbia. Nenda na afya njema, upumzike na shemeji yetu, na maisha yako mapya yakupe maswali mazuri kila asubuhi.