Mlio wa Saa Saba kwa Mzee Chaki

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana huu. Ukiwa jikoni, punguza moto kidogo. Ukiwa barabarani, endesha taratibu, maana leo tunamkumbuka fundi wa matairi, na yeye hakupenda watu wa kukimbia. Jina lake la kuzaliwa familia imetuomba tuwaachie wenyewe. Tutamwita kama mtaa wake ulivyomwita: Mzee Chaki. Alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Narudia: Mzee Chaki, fundi wa matairi, miaka sitini na mitatu.

Mzee ameacha agizo moja. Alisema akikumbukwa popote, iwe msibani au redioni, lisafishwe kwanza jina la mdogo wake. Huyo mdogo wake alifariki kwa ajali ya gari miaka kumi na moja iliyopita, na watu wote waliambiwa kwamba ulikuwa mwendo kasi. Mkewe aliambiwa hivyo. Mwanawe alikua akiambiwa hivyo. Mzee Chaki alijua kwamba si kweli, na alinyamaza. Ili mnielewe, lazima kwanza niwaingize kwenye banda lake.

Lilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji, jeki mbili, na pampu ya upepo iliyokohoa kuliko mwenye nayo. Watu walimletea magari wakitaka yasimame juu. Mtu ananunua matairi makubwa, anataka yavishwe kwenye rimu zilezile gari lilizotoka nazo kiwandani. Inawezekana, wasikilizaji. Lakini tairi kubwa lina mambo mawili. Kwanza, hugusa. Gari likilala kwa uzito, tairi linapanda juu na kusuguana na mdomo wa chuma wa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu. Pili, hudanganya. Tairi kubwa likizunguka mara moja linakwenda mbali kuliko lile dogo, na gari lenyewe halina habari. Mshale wa mwendo unakuambia uko themanini, kumbe unakaribia tisini. Mzee Chaki alikuwa akiwaambia wateja wake, "Gari la matairi makubwa huwa limefika mbali kuliko linavyojua." Hakuwa akicheka akisema hivyo.

Ndiyo maana alikuwa na utaratibu wake. Alipaka chaki nyeupe kwenye mabega ya matairi, pale pembeni pasipogusa barabara, yote manne. Kisha akatoka nje na kupaza sauti: "Mizigo! Mizigo njooni!" Mizigo ilikuwa majirani. Aliwapakia watano ndani ya gari, akakata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, akapanda tuta la mbele ya banda, akarudi. Halafu anashuka na tochi na kuchungulia chaki imehamia wapi. Akiona weupe kwenye chuma, anavua matairi yote manne, hata uwe mkubwa wa nani.

"Mimi nilikuwa nakaa nyuma kushoto," anatuambia Mama Cherehani, mshonaji wa banda la jirani. "Siku moja akaniambia, dada, wewe usipungue, ukipungua utaua watu. Nilimnunia wiki nzima! Wiki ya pili kaita mizigo, nikaenda nikakaa. Ningefanyaje? Gari tupu halisemi kweli, na mle mtaani hakuna aliyekuwa na ukweli mwingi kama mimi."

Sasa tulieni. Kuna siku moja tu ambayo Mzee Chaki hakuita mizigo.

Ilikuwa Jumamosi. Alikuja mdogo wake wa tumbo moja, muuza vifaa vya ujenzi, na matairi manne mapya makubwa. Alikuwa na haraka, na majirani walikuwa wamefunga mabanda mapema. Akasema, "Kaka, na mimi nipimwe kama mteja? Visha matairi, niondoke." Mzee akacheka. Akayavisha, akapaka chaki, akakata usukani gari likiwa tupu, akachungulia. Chuma kilikuwa safi. Akampa mkono, akamwambia nenda salama. Mganga hajigangi, wahenga walisema, na fundi naye humpima kila mtu akasahau damu yake.

Jumatatu, saa saba mchana, mdogo mtu alipakia mifuko minane ya saruji nyuma ya gari. Ni uzito wa watu watano na kama nusu ya mwingine. Akateremka kwenye kona anayoipita kila siku, mshale ukimwambia themanini. Gari lililala upande wa kushoto. Tairi la nyuma likapanda, likakutana na mdomo wa chuma, likakatwa kama kitambaa. Gari likapinduka, likasimama kwa ubavu mtaroni. Hakufika hospitali.

Walioandika habari za ajali waliandika mwendo kasi. Mzee Chaki alikwenda kuliona gari. Alipiga magoti nyuma kushoto na tochi yake. Ule mdomo wa chuma uling'aa, umesuguliwa mpaka rangi imeisha. Akazima tochi. Akaenda msibani, akakaa na wanaume wenzake, akawasikia wakisema jamaa alikuwa na mguu mzito. Akaitikia kwa kichwa. Wasikilizaji, nimeisoma habari hii mara nne kabla ya kuja hapa, na kila nikifika kwenye kile kichwa kilichoitikia, namwonea hasira na namwonea huruma kwa pamoja.

Mwezi haukuisha. Siku moja saa saba mchana, jua kali, mtaa umepoa, kila mtu kajiegesha mahali, Mzee alisikia gari likiingia bandani kwake. Lilikuwa likija taratibu, limelemewa, na tairi lilikuwa likikwaruza chuma. Kwaruu. Kimya kidogo. Kwaruu. Akanyanyuka na jeki mkononi, kama fundi yeyote.

Bandani hapakuwa na gari.

Sakafuni palikuwa na mstari mweupe. Ulianzia mlangoni, ukapinda, ukaishia mbele ya kigoda chake. Mama Cherehani aliuona kwa macho yake. "Nilidhani kachora mwenyewe," anasema. "Nikamwuliza, mzee, umeanza kurudia utoto? Akanionyesha kopo la chaki. Limefungwa, na kifuniko kimeota vumbi. Akaniambia, dada, chaki mimi naipaka begani. Bega la tairi haligusi sakafu. Labda gari liwe limelala ubavu." Mama Cherehani aliporudi kwenye cherehani yake alishindwa kupitisha uzi kwenye sindano.

Nusu saa baadaye akaja mteja. Anataka matairi makubwa kwenye rimu za kiwandani.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na moja. Mlio ulikuja kwanza, halafu mteja. Siku nyingine mlio ulipita na Mzee akasema tu, "Leo atakuja mtu," akaanza kupanga spana. Akaja mtu kweli. Mzee aliita mizigo, mara nyingine watu sita badala ya watano, na wengi aliwarudisha na matairi yao. Walimtukana, wakasema fundi gani anayekataa kazi. Ule mstari aliufuta mwenyewe kwa kitambaa kibichi, kwa magoti, na hakumruhusu mtu amsaidie.

Nyumbani kwa mdogo wake, shemeji yake alikuwa ameiteremsha picha ya marehemu ukutani. Binti yao alipofika umri wa kujifunza gari, mama alimkatalia. "Damu ya baba yako ina haraka," alimwambia. Mzee Chaki alikuwepo siku hiyo, ameshika kikombe cha chai. Akaimaliza chai, akaaga.

Mwaka huu kifua kilimlaza. Shemeji yake ndiye aliyekuwa akimletea uji asubuhi na jioni, na binti akikaa naye mchana. Jumapili jioni, siku tatu kabla hajafa, Mzee alisema. Binti alikuwa mlangoni, na ndiye aliyetusimulia.

"Shemeji, kaa."

"Nimekaa dukani kutwa nzima, shemeji. Sema tu."

"Mumeo hakukimbiza gari. Mshale ulimdanganya, na tairi lilikatwa na chuma. Niliyelivisha ni mimi. Sikuita mizigo."

Mama alifunika bakuli la uji. Akalifunua. Akalifunika tena.

"Umenifanya nimnunie maiti," alisema. "Miaka kumi na moja, shemeji, nimemnunia maiti."

"Najua."

"Hujui. Ungekuwa unajua ungesema."

Alitoka. Kesho yake alikwenda kaburini kwa mumewe, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na huko alikaa mpaka jua likamchoma. Uji hakuacha kuuleta. Ila aliuweka mlangoni na kuondoka, asiingie, asisalimie.

Jumatano mchana, binti alikuwa chumbani akimbadilishia baba yake mkubwa mto. "Aliinua kichwa," anasema, "akaniambia, leo atakuja mtu. Nami nikasikia. Gari linaingia uani, limelemewa, linakwaruza. Nikatoka kumpokea mgeni. Uani hapakuwa na gari wala mtu. Niliporudi ndani, baba mkubwa alikuwa amekwenda." Nikamwuliza kama kulikuwa na mstari pale uani. Akanijibu, "Sikutazama chini. Nilitazama mlango tu, nikaupita."

Ilikuwa saa saba na dakika chache.

Yule mama, shemeji yake, sikutarajia kwamba angekubali kuongea na redio. Alikubali. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Maneno yake nayasoma kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza.

"Nilikuwa nimeshamsamehe Jumatatu, palepale kaburini. Lakini nikajiambia, wacha nimnyime mpaka Ijumaa. Na yeye aonje kidogo. Mimi nimeonja miaka kumi na moja, siku nne zitamfanya nini? Nilipanga Ijumaa niingie, nikae, nimlishe ule uji kwa mkono wangu. Ijumaa ndiyo tuliyomzika."

Tulizima kinasa sauti hapo. Hakulia. Aliuliza kama tunahitaji maji ya kunywa.

Wasikilizaji wapendwa, poleni wafiwa. Pole shemeji mtu, pole binti, pole Mama Cherehani na mtaa mzima uliowahi kuwa mizigo. Kwako unayetaka gari lisimame juu, jaza watu ndani kabla hujamwamini fundi, hata awe ndugu yako. Na kama kuna neno umelifungia ndani, liwe la kukiri au la kusamehe, nakuomba usilipangie siku. Ninalo langu moja. Nikitoka studio hii nakwenda kulisema.

Sasa lile agizo, kama alivyolitaka Mzee Chaki. Muuza vifaa vya ujenzi, aliyekufa kwenye kona ya mteremko miaka kumi na moja iliyopita, hakuwa akikimbiza gari. Aliendesha mwendo aliouamini, kwa mshale aliouamini, juu ya matairi aliyofungiwa na kaka yake. Mkewe ananisikia. Binti yake ananisikia. Narudia, wasikilizaji: hakuwa akikimbiza gari.