Siku Ngokolo Ilipogoma Kushuka Baiskeli

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Nakusalimu wewe uliye nyumbani, na wewe uliye njiani na kiredio chako umekifunga kwenye usukani. Ni mimi Ignas, na leo tunamkumbuka Bernadina Nyamizi, Mama Blessing, muuza maziwa wa Ngokolo aliyeipigania njia ya baiskeli. Alifariki Jumapili asubuhi kwa shinikizo la damu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Bernadina alizaliwa kijijini, nje kidogo ya Mhunze, wilayani Kishapu. Baiskeli aliijua akiwa na miaka kumi na mmoja. Miguu ilikuwa haifiki, kwa hiyo aliupitisha mmoja katikati ya fremu, akawa anakanyaga kiubavuubavu, na gunia la pamba liko nyuma kwenye keria. Kaka yake, mzee Mwigulu, anacheka hata msibani akilisimulia hilo. "Alikuwa anaanguka, pamba inamwagika, anaiokota yote, anapanda tena. Baba akimwambia mpe kaka yako baiskeli, anajifanya kiziwi."

Akaolewa Geita, na mchimbaji aitwaye Theonest. Kila asubuhi Theonest alikwenda mashimoni kwa baiskeli. Asubuhi moja lori lilimbana pembeni ya lami. Upande mmoja lori, upande wa pili mtaro. Theonest hakurudi nyumbani. Mtoto wao, Blessing, alikuwa na miaka minne.

Niliwahi kumuuliza Mama Blessing, je, alimchukia yule dereva? Akanijibu: "Dereva alisema hakuwa na pa kumkwepea. Na mume wangu hakuwa na pa kukimbilia. Wote wawili walisema kweli. Basi mwenye kosa ni barabara." Wasikilizaji wapendwa, mimi nimekaa kwenye kipaza sauti hiki miaka kumi na sita, na sijasikia mtu akilieleza jambo vizuri kuliko hivyo.

Alirudi Shinyanga, akapanga chumba Ngokolo, akaanza kuuza maziwa. Madumu mawili nyuma, moja mbele, kila siku alfajiri. Wenye magari tulimpigia honi. Nasema tulimpigia, maana na mimi nimo. Hakusogea. Alikuwa ananyoosha mkono wake wa kulia, anakuonyesha pa kupita, kama vile barabara ni ya baba yake.

Ndipo ikaja habari kwamba barabara ya kutoka Ngokolo hadi sokoni itapanuliwa. Kilomita nne. Mama Blessing akaenda kwenye mkutano wa kata na swali moja tu: njia ya baiskeli iko wapi? Mhandisi, dada mmoja mpole aitwaye Rhoda, alifungua karatasi zake. "Mama, tulihesabu siku tatu. Baiskeli ni chache sana. Wengi ni watembea kwa miguu, na hao tumewawekea njia yao."

Ukumbi uliangua kicheko. Baiskeli chache, Ngokolo? Mji huu ambao hata kuku anakwenda sokoni kwa baiskeli? Lakini karatasi ndiyo ilikuwa inasema hivyo, na ramani huchorwa kwa karatasi.

Mama Blessing hakucheka. Alikwenda kuuliza wapanda baiskeli mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa mzee Adam, muuza mkaa.

"Siku ya kuhesabu, ulipita pale?"

"Nilipita."

"Ukiwa umepanda?"

"Nipande vipi? Wakubwa wa serikali wamekaa pale na meza yao na kofia ngumu. Nilishuka, nikawaamkia, nikaikokota mpaka nilipowapita. Mimi nimelelewa, Mama Blessing."

Na hapo ndipo lilipokuwa tatizo lote. Mnajua desturi yetu. Mkubwa humpiti ukiwa umekaa juu ya tandiko. Unashuka, unatoa salamu, unakokota hatua kadhaa, ndipo unapanda tena. Ngokolo nzima ilishuka. Wa mkaa walishuka, wa maziwa walishuka, wa abiria walishuka na abiria wao. Na vijana waliokuja kuhesabu walikuwa wageni. Kwenye fomu zao, anayekokota baiskeli ni mtembea kwa miguu. Wakaandika walichokiona.

Akamfuata Rhoda ofisini. "Mwanangu, nyie hamkuhesabu baiskeli. Mmehesabu adabu yetu." Rhoda alisikiliza mpaka mwisho, na nampa heshima yake kwa hilo. Alimwambia anaweza kumpa asubuhi moja tu ya kuhesabu upya, saa kumi na mbili hadi saa nne. Ikishindikana, ramani inabaki ilivyo.

Wiki nzima Mama Blessing alizunguka. Kanisani, msikitini, kwa mafundi baiskeli. "Siku hiyo msishuke." Watu wakamkatalia! Kumpita mtu mzima umekaa juu ni utovu wa adabu, nani akubali kuonekana hakufunzwa? Blessing anakumbuka: "Alikuwa anarudi nyumbani sauti imekauka. Namwambia mama, acha. Ananiambia, baba yako angekuwa na nusu mita tu ya kupita, ungemjua."

Siku ikafika. Meza ikawekwa. Baiskeli ya kwanza ikatokea, mwenyewe akashuka. Ya pili, akashuka. Ya tatu, akashuka. Mama Blessing akaona kilomita nne zinampotea mbele ya macho. Akaingia katikati ya barabara, mikono juu, akapaza sauti: "Hapa mkubwa ni mimi! Salamu zenu nimezipokea zote! Marahaba! Pandeni!"

Wakapanda. "Shikamoo, mayu, mama yetu!" wanasema wakipita. "Marahaba, kanyaga!" anawajibu. Wengine walifumba macho kwa aibu, lakini walikanyaga.

Kisha akaja mzee Adam, na magunia yake matatu, anakokota. Huyu ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na zaidi, marahaba yake haimfai kitu. Mama Blessing akapiga goti palepale kwenye lami. "Shikamoo, mzee Adam. Hapa hakuna mkubwa kukuzidi. Sasa unamshukia nani?" Mzee akaitazama meza. Akamtazama yeye. Akapanda, akapita, hata shingo hakugeuza.

Kufikia saa nne, baiskeli elfu moja mia mbili na kumi na sita. Ramani ikachorwa upya, njia ya baiskeli ikawekwa, na ukingo wa zege kuitenga na malori.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, haijakamilika. Kilomita moja imejengwa. Tatu bado. Na sasa wapo wanaotaka hizo tatu ziwe maegesho ya magari. Alhamisi hii, saa tatu asubuhi, ukumbi wa kata, wananchi watapiga kura ya kunyoosha mikono: njia ya baiskeli imaliziwe, ndiyo au hapana. Mama Blessing alikuwa anajiandaa kwa kikao hicho. Jumamosi bado alikuwa anapanga maziwa atayapeleka nani ili yeye awahi. Jumapili akatutoka.

Tunampa pole Blessing. Tunampa pole mzee Mwigulu na ndugu wote wa Kishapu, na wakwe zake kule Geita. Mungu ampumzishe. Na kila mmoja wetu, mwenye gari na mwenye baiskeli, ajiulize usiku wa leo: yule ninayembana pembeni ya lami, nimemwachia pa kukimbilia?

Nilipoagana na Blessing msibani leo, nilimuuliza niwaambie nini. Akajifuta uso kwa kanga. "Waambie nashukuru. Tangu Jumapili watu wanakuja, wananishika mkono, wananipa pole. Alhamisi nitakuwa ukumbini peke yangu, bila mama. Mikono hiyohiyo, naomba wainyooshe."